Herufi Isiyo na Namba: Historia ya Misimbo ya Alama Maalumu katika Kurasa za Wavuti na Hatima ya Othografia za Afrika Mashariki

Ikisiri

Kila herufi inayosomwa katika ukurasa wa wavuti huhifadhiwa ndani ya kompyuta kama namba. Namba hizo hupangwa na vyombo vya viwango, na mwandishi ambaye kibodi yake haina alama anayoihitaji hulazimika kuitafuta namba yake katika jedwali. Makala haya yanafuatilia historia ya majedwali hayo kuanzia mwaka 1963, kwa kuangalia jinsi herufi za lugha za Afrika Mashariki zilivyopata namba zake. Hoja kuu ni kwamba nyingi ya herufi hizo ziliingia katika majedwali kwa mgongo wa lugha nyingine, na kwamba tatizo la leo si tena ukosefu wa namba bali ukosefu wa uamuzi. Mfano unaochunguzwa kwa kina ni ritifaa ya ng', ambayo ina namba tatu zinazoshindana. Makala yanaonesha athari za hali hiyo katika majina ya watu na mahali, katika utafutaji wa matini na katika gharama za ujumbe mfupi wa simu, kisha yanapendekeza hatua ambazo vyombo vya lugha vya kanda vinaweza kuzichukua.

1.0 Utangulizi

Jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025) lina alama tatu ambazo kibodi ya kawaida ya kompyuta haizitendei haki. Ya kwanza ni u yenye kiwimbi, ya pili ni i yenye kiwimbi, na ya tatu ni ritifaa. Kwa kalamu, alama hizo hazina gharama yoyote. Mwandishi huyo aliandika rasimu ya riwaya yake ya Kigikuyu, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, iliyochapishwa mwaka 1980, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978, juu ya karatasi za msalani. Hata katika mazingira hayo, kila irabu ingeweza kuvikwa alama yake bila kuomba idhini ya mtu.

Katika ukurasa wa wavuti mambo ni tofauti. Herufi ũ haipo mpaka itajwe kwa namba yake, ambayo ni 361, na ĩ haipo mpaka itajwe kwa namba 297. Mwandishi wa ukurasa aliyekosa herufi hizo kwenye kibodi alipaswa kufungua jedwali la misimbo, kuitafuta alama kwa macho, kisha kuandika alama ya "na", alama ya reli, tarakimu husika na nukta-mkato, yaani &amp;#361; au &amp;#297;. Aliyeona kazi hiyo ni nzito aliandika Ngugi na kuendelea na safari. Na pale ambapo ukurasa ulihifadhiwa kwa usimbaji mmoja ukasomwa kwa usimbaji mwingine, msomaji alikutana na NgÅ©gÄ©, jina ambalo halimo katika lugha yoyote.

Kiwimbi cha Kigikuyu si pambo. Lugha hiyo ina irabu saba, nazo huandikwa a, e, i, ĩ, o, u, ũ. Kuondoa kiwimbi ni kuzirudisha irabu saba kuwa tano na kumwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Kwa sababu hiyo, swali la nani hupanga namba za herufi, lini na kwa kufikiria lugha zipi, ni swali la historia ya lugha na la sera ya lugha kama lilivyo la ufundi.

2.0 Kabla ya wavuti: uchache wa nafasi

Wazo la kuigeuza herufi kuwa namba ni la kale kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1870, Mfaransa Émile Baudot alibuni mfumo wa simu ya maandishi uliotumia ishara tano, kila moja ikiwa imewaka au imezimwa. Ishara tano hutoa michanganyiko 32 tu. Michanganyiko hiyo iliongezewa uwezo kwa ishara ya kubadili zamu, ili mchanganyiko uleule uweze kusomwa mara moja kama herufi na mara nyingine kama tarakimu. Tangu mwanzo, basi, kila alama iliyoingizwa iliketi mahali ambapo nyingine ingeketi. Uhaba huo wa nafasi ndio uliotawala historia iliyofuata.

Mwaka 1963 chombo cha viwango cha Marekani kilitangaza msimbo wa ASCII. Msimbo huo ulitumia biti saba, kwa hiyo ulikuwa na nafasi 128. Kati ya hizo, 33 zilitengwa kwa amri za mitambo, na 95 zikabaki kwa alama za kuchapika. Toleo la 1963 halikuwa hata na herufi ndogo. Ziliongezwa katika toleo la 1967. Alfabeti ya Kiingereza, tarakimu kumi na alama za uakifishi za ofisi za Marekani zilijaza chumba chote.

Mambo mawili katika jedwali hilo yana uzito wa pekee kwa kanda hii. Kwanza, nafasi ya 126 ilipewa kiwimbi kinachosimama peke yake. Wabunifu walidhani kwamba mashine za kuchapa juu ya karatasi zingeandika herufi, zirudi nyuma hatua moja, kisha ziandike alama juu yake. Kwenye karatasi njia hiyo ilifanya kazi. Skrini ilipochukua nafasi ya karatasi, alama ya pili ilifuta ya kwanza badala ya kuketi juu yake, na njia hiyo ikafa. Pili, nafasi ya 39 ilipewa alama moja iliyobeshwa kazi kadhaa kwa pamoja: ritifaa, alama ya kufunga mnukuu na hata alama ya mkazo. Urithi huo ulitoka kwenye mashine za kupigia chapa, ambamo kitufe kimoja kilifanya kazi za wengi ili kuokoa nafasi. Kiswahili kilipoingia katika kompyuta, ng' yake iliingia kupitia mlango huohuo mwembamba.

Kwa juujuu, Kiswahili kilikuwa na bahati. Tahajia iliyosanifiwa baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, chini ya Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, haikuhitaji herufi yoyote nje ya alfabeti ya Kirumi ya kawaida. Kinyarwanda na Kirundi pia, katika maandishi ya kila siku, vilipita bila kikwazo. Bahati hiyo ndiyo iliyowafanya watumiaji wengi wa Kiswahili waamini kwamba suala la misimbo ni la watu wengine.

3.0 Jedwali la Ulaya na kurasa za kwanza

Kuanzia mwaka 1987, Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilianza kutoa mfululizo wa majedwali ya biti nane uliojulikana kama ISO 8859. Biti ya nane iliongeza nafasi maradufu, lakini nafasi 256 bado hazikutosha lugha zote. Suluhisho lilikuwa kugawa dunia katika majedwali: moja kwa Ulaya Magharibi, jingine kwa Ulaya Mashariki, jingine kwa Kiarabu, na kadhalika. Jedwali la kwanza, ISO 8859-1, liliweka kiwimbi juu ya a, n na o kwa sababu ya Kireno na Kihispania. Halikukiweka juu ya i wala u.

Herufi hizo mbili za Kigikuyu zilipatikana katika jedwali la nne, ISO 8859-4, la mwaka 1988. Jedwali hilo halikuundwa kwa ajili ya Kenya. Lilikusudiwa lugha za Kiestonia, Kilatvia, Kilithuania, Kisami na Kigreenland. Kigreenland katika tahajia yake ya zamani kilitumia ĩ na ũ. Kisami kilihitaji ŋ. Kwa namna hiyo, irabu za mlima Kenya na nazali ya Kiganda zilipata kitanda katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu wa barafu. Zilipata hifadhi bila mwenye nyumba kujua kwamba ana wageni.

Tim Berners-Lee alipendekeza mfumo wa wavuti mwaka 1989 akiwa katika kituo cha CERN, Geneva. Lugha yake ya kuandalia kurasa, HTML, ilijengwa juu ya kiwango cha ISO 8879 cha mwaka 1986, ambacho kilikuwa na njia ya kuitaja alama kwa jina au kwa namba pale kibodi iliposhindwa. Toleo la HTML 2.0, lililotangazwa Novemba 1995, lilichukua ISO 8859-1 kuwa jedwali lake la msingi. Uamuzi huo ulieleweka, kwa kuwa wavuti ilizaliwa Ulaya Magharibi. Lakini matokeo yake ni kwamba ukurasa uliofuata kanuni haukuwa na njia halali ya kuitaja ĩ, ũ, ŋ, ɛ au ɔ.

Waandishi wa lugha hizo walibaki na njia tatu, na kila moja ilikuwa na hasara. Wa kwanza waliacha alama. Wa pili waliziweka herufi kama picha ndogo katikati ya maneno, ambazo hakuna mtambo wa kutafuta ungeweza kuzisoma. Wa tatu walitumia fonti zilizobadilishwa sura, ambamo namba ya herufi ya Kifaransa ilichorewa umbo la herufi ya Kiafrika. Maandishi ya namna hiyo yalisomeka kwenye kompyuta yenye fonti hiyo tu. Kwingineko yaligeuka vurugu. Maandishi yaliyohifadhiwa hivyo ni hasara ambayo maktaba na vyuo vinaendelea kuilipia, kwa sababu umbo lililoonekana halikuwa namba iliyohifadhiwa.

Mabadiliko yalikuja Januari 1997, pale waraka wa RFC 2070 ulipolifanya jedwali la ulimwengu mzima kuwa msingi wa HTML, na HTML 4.0 ya Desemba mwaka huo ikaufuata. Kuanzia hapo, &amp;#297; ilikuwa na maana moja kila mahali. Hata hivyo, orodha ya majina 252 ya alama iliyoambatana na HTML 4.0 ilirithi upendeleo wa zamani. Iliitambua &amp;atilde; na &amp;ntilde; kwa majina; ĩ na ũ zilibaki kutajwa kwa namba tu. Mwandishi wa Kireno alikumbuka jina. Mwandishi wa Kigikuyu alirudi kwenye jedwali. Majina ya ĩ, ũ na ŋ yalipatikana katika kurasa za wavuti baadaye, katika orodha ya HTML5 yenye majina zaidi ya 2,000.

4.0 Afrika ilikuwa imezungumza

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Afrika haikuwa na mapendekezo yake. Mwaka 1927 taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Afrika, yenye makao London, ilitoa mwongozo wa tahajia za Kiafrika uliopendekeza herufi kama ŋ, ɛ na ɔ. Ulikuwa mwongozo wa wakoloni na wamisheni, lakini uliacha alama. Kiswahili hakikuifuata ŋ. Kilibaki na ng'. Kiganda, katika tahajia iliyokubaliwa mwaka 1947, kiliipokea ŋ, na bado kinaihesabu katika alfabeti yake. Lakini kwa kuwa mashine nyingi za kupigia chapa hazikuwa na kitufe cha ŋ, Waganda wengi waliandika ng' kwa vitendo huku wakifundishwa ŋ darasani. Lingala na lugha kadhaa za Kongo hutumia ɛ na ɔ katika maandishi ya kitaalamu.

Baada ya uhuru, wataalamu wa Afrika walikutana Niamey, Niger, mwaka 1978, chini ya UNESCO, wakapendekeza alfabeti ya marejeo kwa ajili ya lugha za bara. Mwaka 1983 ISO ilitoa kiwango namba 6438, jedwali la herufi za Kiafrika kwa ajili ya kubadilishana taarifa za maktaba. Ni jambo la kukumbukwa: Afrika ilikuwa na jedwali lake la kompyuta miaka minne kabla ya jedwali la Ulaya Magharibi la ISO 8859-1.

Jedwali hilo halikuenea. Hazikutengenezwa kompyuta, mashine za kuchapa wala kibodi za kawaida zilizolifuata, na soko la kuzilazimisha halikuwapo. Fundisho lake ni wazi: kiwango kisichoingia katika vifaa na katika manunuzi ya serikali hubaki karatasi. Hata hivyo kazi haikupotea, kwani herufi zake nyingi ziliingia baadaye katika jedwali la ulimwengu.

5.0 Jedwali la ulimwengu

Mwaka 1988 Joe Becker wa kampuni ya Xerox alipendekeza msimbo mmoja wa biti 16 kwa maandishi yote ya dunia, akauita Unicode. Muungano wa Unicode ulisajiliwa California Januari 1991, na toleo la kwanza likatoka Oktoba mwaka huo. Ilipobainika kwamba biti 16 hazitoshi, toleo la 2.0 la mwaka 1996 lilipanua jedwali hadi nafasi 1,114,112. Toleo la 16.0 la Septemba 2024 lina alama 154,998.

Nafasi haikuwa tena haba. Hata hivyo, namna herufi zilivyopangwa bado inasimulia zilikotoka. Herufi ĩ (297) na ŋ (331) ziko katika mtaa uliorithiwa kutoka majedwali ya Ulaya. Herufi kubwa Ɛ ina namba 400, lakini ndogo yake ɛ ina namba 603, kwa sababu ndogo iliwekwa katika mtaa wa alama za wanafonetiki na kubwa katika mtaa mwingine. Kwa herufi za Kiarabu zilizoandika Kiswahili kwa karne kadhaa kabla ya hati za Kirumi, hali ni hiyohiyo. Jedwali la Kiarabu la ISO 8859-6 la mwaka 1987 halikuwa na p, ch wala v. Unicode inazo, kwa namba 1662, 1670 na 1700, kwa kuwa Kiajemi, Kiurdu na lugha nyingine za Asia zilizihitaji. Mhariri anayetaka kuchapisha utenzi wa Lamu kwa hati yake ya asili anakuta nyingi ya herufi alizozihitaji zimekwisha kuletwa na wengine.

Ipo pia mifano ya waliojiletea wenyewe. Hati ya Kiethiopia iliingia katika toleo la 3.0 mwaka 1999, ikianzia namba 4608. N'Ko ya Afrika Magharibi iliingia mwaka 2006, na Adlam, iliyobuniwa na ndugu wawili nchini Guinea, mwaka 2016. Mlango uko wazi kwa anayeandika pendekezo lenye ushahidi na kulitetea. Serikali pia huweza kuketi mezani: India, Bangladesh na Oman zimewahi kuwa wanachama wa Muungano huo kupitia vyombo vyao vya serikali.

Usimbaji wa UTF-8, ulioandaliwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, uliiwezesha namba yoyote ya Unicode kusafiri katika mifumo ya zamani. Leo zaidi ya asilimia 95 ya tovuti huutumia. Mwandishi anaweza kuandika ũ moja kwa moja bila kutaja 361. Lakini pale programu moja katika mnyororo inapodhani kwamba inasoma jedwali la Ulaya Magharibi, baiti mbili za ũ husomwa kama alama mbili, na NgÅ©gÄ© huzaliwa upya.

6.0 Ritifaa ya ng': namba tatu kwa kazi moja

Hapa ndipo bahati ya Kiswahili inapogeuka. Ritifaa inayoandikwa katika *ng'ombe* ina namba tatu zinazowezekana. Ya kwanza ni 39, ile ya ASCII, iliyonyooka ('). Ya pili ni 8217, iliyopinda (’), ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe badala ya 39 bila kumuuliza mwandishi. Ya tatu ni 700 (ʼ), ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi. Mbili za kwanza huhesabiwa kuwa uakifishi. Unicode yenyewe iliwahi kubadili msimamo: hadi toleo la 2.1 la mwaka 1998, ilipendekeza 700 kwa ritifaa ya kawaida. Kuanzia toleo hilo ikapendekeza 8217, na 700 ikabakizwa kwa lugha ambamo alama hiyo ni sehemu ya herufi.

Kiisimu, Kiswahili ni mojawapo ya lugha hizo. Katika *ng'ombe* ritifaa haioneshi kilichodondoshwa. Inatofautisha nazali na mfuatano wa *ng* kama katika *ngoma*. Katika Kinyarwanda, Kirundi na Kiganda, alama hiyohiyo huonesha irabu iliyodondoshwa kati ya maneno mawili. Katika Kiswahili ritifaa hufunga sehemu za neno moja. Kwa majirani hao hutenganisha maneno mawili. Programu inayotumia kanuni moja kwa lugha zote itakosea upande mmoja.

Athari ni za kila siku. Kwa kompyuta inayolinganisha namba tu, *ng'ombe* ya 39, *ng’ombe* ya 8217 na *ngʼombe* ya 700 ni maneno matatu. Anayetafuta moja katika hifadhi ya matini hukosa mengine, na kila takwimu ya marudio ya maneno inayotokana na hifadhi hiyo huwa na kasoro. Kanuni za jumla za kugawa maneno huihurumia ritifaa iliyo kati ya herufi mbili, kama katika Chang'ombe ya Dar es Salaam au Lang'ata ya Nairobi. Lakini katika jina la mlima na wilaya ya Hanang' mkoani Manyara, ritifaa iko mwishoni. Hapo 39 na 8217 hukatwa na kuhesabiwa kuwa mnukuu uliofungwa.

Majina ya watu yamo hatarini zaidi. Katika lugha ya SQL inayotumika kuendesha hifadhidata nyingi, alama namba 39 hufungua na kufunga kila jina linaloingizwa. Programu iliyojengwa bila uangalifu, ikipewa jina kama Ng'ang'a au Nyong'o, huamini kwamba jina limekwisha katikati. Mjenzi mvivu huitatua shida hiyo kwa kuikataza ritifaa, na mwenye jina hulazimika kuandikwa Nganga katika hati moja na Ng'ang'a katika nyingine. Mahali ambapo kitambulisho, akaunti ya benki na cheti cha shule vinalinganishwa na mashine, tofauti ya alama moja inatosha kumfanya mtu mmoja aonekane watu wawili.

Gharama pia inapimika. Ujumbe mfupi wa simu una baiti 140, yaani biti 1,120. Kwa jedwali la msingi la simu la biti saba, hizo ni alama 160. Jedwali hilo lina alama 39, lakini halina 8217, 700, ĩ, ũ wala ŋ. Ikiingia moja tu kati ya hizo, ujumbe wote huhamia usimbaji wa biti 16, na nafasi hushuka kutoka alama 160 hadi 70. Idara ya mifugo inayotuma tangazo la chanjo lenye neno *ng’ombe* lililonakiliwa kutoka programu ya uandishi inaweza kulipia ujumbe mbili kwa kila mfugaji mahali ambapo moja ingetosha, kwa sababu ya mpindo wa ritifaa. Lugha za Kituruki, Kihispania, Kireno na lugha kadhaa za India zina majedwali ya nyongeza katika kiwango hicho cha simu. Lugha za Afrika Mashariki hazimo.

7.0 Masuala ya sera

Historia hii inaonesha kwamba namba hufuata uamuzi, na uamuzi hufuata aliyepo mezani. Hatua nne zinajitokeza.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na BAKITA, BAKIZA na vyombo vya viwango vya nchi wanachama, ina nafasi ya kutangaza msimbo mmoja wa ritifaa ya ng'. Hoja ya kiisimu inaelekea 700. Hoja ya matumizi inaelekea 39, ambayo ipo katika kila kibodi na katika kila simu, na haipunguzi urefu wa ujumbe. Kwa kuwa kiwango kisichotumika ni karatasi, kama ISO 6438 ilivyofundisha, njia yenye mashiko ni kuhifadhi na kusafirisha kwa 39, kuruhusu umbo lililopinda katika uchapaji, na kuagiza kwamba kila mtambo wa kutafuta uzihesabu namba zote tatu kuwa moja ndani ya Kiswahili.

Pili, masharti ya manunuzi ya serikali yataje wazi kwamba mfumo wowote unaosajili majina ya watu na mahali upokee UTF-8 kamili, ritifaa, na herufi zenye kiwimbi, na ujaribiwe kwa majina hayo kabla ya kupokewa. Jaribio hilo huchukua dakika chache. Kurekebisha daftari la mamilioni ya majina huchukua miaka.

Tatu, herufi zenye alama zina njia mbili za kuandikwa. Herufi ĩ inaweza kuwa namba 297, au i (105) ikifuatwa na kiwimbi cha kubandika (771). Zote ni halali na huonekana sawa. Unicode ina kanuni za kusawazisha njia hizo, na maktaba na hifadhi za matini za kanda zinapaswa kuzitumia kabla ya kuhifadhi. Kwa ɛ́ ya Lingala, yenye toni, hakuna namba moja. Herufi na alama yake zitabaki mbili daima, na programu inayofuta alama za kubandika hufuta toni.

Nne, uwakilishi. Mapendekezo ya herufi, ya jedwali la simu na ya taarifa za lugha hupokelewa kutoka kwa yeyote mwenye ushahidi. Vyuo vikuu vya kanda vina wanaisimu na wahandisi. Kinachohitajika ni kuwaketisha pamoja na kuwapa jukumu linalotambulika kazini.

8.0 Hitimisho

Kwa zaidi ya nusu karne, jedwali la misimbo limekuwa orodha ya waalikwa. Lugha za Afrika Mashariki zilipita ama kwa kuwa alfabeti zao zilifanana na ya Kiingereza, ama kwa kupanda mgongo wa Kigreenland, Kisami, Kiajemi na alama za wanafonetiki. Leo karibu kila herufi ya kanda ina namba, na mwandishi wa ukurasa hana sababu ya kuacha alama kwa kisingizio cha mashine. Kilichobaki ni kazi ambayo Geneva wala California haziwezi kuifanya kwa niaba ya wenye lugha: kuamua, kuandika uamuzi huo katika viwango vya kanda, na kuupima katika daftari la majina, katika simu ya mfugaji na katika hifadhi ya matini. Kamati ya 1930 iliamua jinsi *ng'ombe* itakavyoandikwa kwa wino. Uamuzi wa jinsi itakavyoandikwa kwa namba unangoja warithi wake.